Maziwa Yenye Picha ya Kogo

Zack aligeuza skrini ya kompyuta ili Gesare ajionee mwenyewe. Tovuti ya Kibuyu cha Kogo ilikuwa imezimika tangu Jumapili mchana, na hii ilikuwa Jumanne. Pale palipozoea kuwa na picha ya chupa za mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na uso wa mama mkwe wa Gesare akicheka, palibaki ukurasa mweupe wenye maneno machache ya kuomba radhi kwa Kiingereza. Gesare aliutazama kama mtu aliyefika dukani kwake akakuta mlango umepigwa misumari.

Zack alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la pembejeo mjini Kericho. Alimweleza mambo kwa lugha nyepesi. Dada mmoja wa Nairobi, mwenye wafuasi kama mchanga, alikuwa amekunywa mursik ya Gesare mbele ya kamera, akafumba macho, akasema amerudi jikoni kwa nyanya yake. Video ikaenea. Watu wakaifurikia tovuti kwa mkupuo, na ile seva ya bei nafuu, iliyozoea kuhudumia wateja wachache na kulala mapema, ikazidiwa. Kuna waliolipa kwa simu na oda zao hazikuandikwa popote. Kuna walioandikwa mara tatu. Nusu yao walikuwa wanapiga simu kutukana.

Dawa ilikuwepo, alisema. Wahamie seva kubwa inayojipanua yenyewe watu wakiongezeka. Malipo yaingie kwenye foleni, yasipotee. Kila mteja apate meseji bila mtu kugusa simu, na orodha ya vifurushi iende moja kwa moja kwa wanaopakia na wanaosafirisha. Gesare hangehitaji tena kukaa na simu mbili mapajani akiandika "karibu sana" mpaka macho yanatoa machozi.

"Kitu kimoja uniambie," Zack akasema. "Kwa siku moja mnatoa lita ngapi? Nataka kuweka kikomo. Zikiisha, duka linaandika zimeisha, mtu anarudi kesho."

Gesare alilijua jibu. Ng'ombe wanne, vibuyu vya Kogo, na zile siku ambazo maziwa hutaka kukaa yenyewe bila kusumbuliwa. Lakini jibu lenyewe lilikuwa dogo mno. Zack alikuwa ametoka tu kumwonyesha mchoro wa wateja wake, mstari mwekundu uliopanda hadi kugonga dari, na yeye akaona haya kutaja lita za kujaza ndoo mbili tatu. Jamani, aibu nayo ina mambo. Kama angetaja tu.

"Usiweke," alisema.

"Usiweke kikomo?"

"Huku kwetu maziwa si shida."

Na hapo hakudanganya. Sotik maziwa si shida hata kidogo. Shida ni kibuyu. Zack aliinua mabega, akaigeuza skrini upande wake, akaanza kuandika.

Gesare hakuwa mwizi. Afadhali tuliseme hilo mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amkunjie uso. Alikuwa mwanamke wa Kisii aliyeolewa upande wa pili wa mpaka wa kaunti, kwa Wakipsigis, kwenye kilima kilichojaa majani chai nje kidogo ya mji wa Sotik. Alipoletwa bibi harusi, wanawake wa kilima walinong'onezana kwamba Mkisii atajulia wapi mambo ya kibuyu. Mama wa mume wake aliwasikia. Aliwaambia yeye mwenyewe atamfundisha, na wao wafunge midomo.

Huyo ndiye Kogo. Jina lake la kuzaliwa ni Chepchumba, ila tangu Fancy, mtoto wa kwanza wa Gesare, aanze kumwita Kogo, yaani nyanya, kilima kizima kilimfuata mtoto. Kogo alimfundisha mkaza mwana wake kuchoma kijiti cha mti wa senetwet na kusugua kaa lake ndani ya kibuyu mpaka ukuta unang'aa, kumimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kuziba, kisha kuondoka. Kuondoka ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Gesare alikuwa mtu wa haraka, wa kufunua na kuchungulia, na Kogo alikuwa akimpiga kofi dogo la mkono huku anacheka.

Habari ya kuuza Kogo aliikataa mwanzoni. Mursik hupewa mgeni, hupewa kijana aliyerudi kutoka safari, sasa utaiuzaje? Lakini malipo ya chai yalikuja mabaya, Fancy akarudishwa kutoka sekondari kwa sababu ya karo, na bibi akalegea. Aliweka sharti moja tu, kwamba picha yake ikae kwenye kila chupa. "Sura yangu ikikuwa hapo," alisema, "mtu akipata maziwa mbaya anajua atakuja kwa nani."

Kwa hiyo unaelewa ni kitu gani kilikuwa kwenye zile chupa. Si urembo wa biashara. Ni mwanamke mzima alikuwa ameweka jina lake rehani.

Duka jipya la Zack lilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Halikuchoka, halikulala, halikumwambia mtu yeyote zimeisha. Asubuhi Gesare akiamka kukamua, lilikuwa limeshauza maziwa ambayo ng'ombe hawajayatoa. Aliomba majirani wenye vibuyu wamsaidie, nao walisaidia, lakini vibuyu vya kilima kizima havikufika hata robo ya kinachotakiwa. Kipkirui, mume wake, aliacha kazi yake ya kuendesha lori la majani chai ili asaidie kupeleka vifurushi. Alipoiacha hapakuwa na kurudi nyuma, kwa sababu lori lilipata dereva mwingine kesho yake.

Wateja waliochelewa wakaanza. Mmoja alimwita Gesare tapeli kwa simu, taratibu kabisa, kwa sauti ya mtu msomi, naye akiwa kwenye foleni ya maji mbele ya kina mama wengine. Mwingine alichapisha namba yake katika kundi la watu wanaofichua walaghai. Siku hiyo alilia ndani ya zizi, akiwa ameegemea tumbo la ng'ombe ili asisikike nyumbani. Jioni alimwambia Kipkirui kwamba amepata chumba cha kukodi mjini, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi.

Ndani ya chumba kile waliweka mapipa ya plastiki ya buluu. Walinunua maziwa lala ya kawaida kwa jumla kutoka pande zote mbili za mpaka, wakasaga mkaa wa senetwet ukawa unga, wakachekecha, wakakoroga kwa mwiko wa mti. Rangi ilitoka sawasawa. Harufu ilikaribia. Kipkirui alionja, akalamba mdomo, akaangalia pembeni.

"Si mbaya," alisema.

Walikubaliana ni jambo la muda tu, mpaka wapate vibuyu zaidi. Wakaandika mtu wa kazi, Oyaro, kutoka kwao Gesare. Orodha za oda zilienda moja kwa moja kwenye simu ya Oyaro, yeye anajaza, anabandika picha ya Kogo, gari linachukua. Na Nairobi haikulalamika. Hilo ndilo lililomponza Gesare kuliko yote. Watu walizidi kusifu. Mzee mmoja aliandika kwamba amekunywa akamkumbuka marehemu mama yake hadi akatokwa na machozi. Gesare aliyasoma maneno hayo mara moja tu, akaifunika simu kifudifudi juu ya meza, uso wote ukimchoma.

Kogo aliendelea na vibuyu vyake. Kila vilipoiva alimkabidhi Gesare, akiamini ndivyo vinavyolisha mji mkuu. "Watu ya Nairobi wametosheka?" alikuwa akiuliza.

"Wametosheka, Mama."

Bibi akafurahi. Nyumba yake ilipata bati jipya na tangi la maji. Alinunuliwa koti la sufi la rangi ya zambarau na viatu vyeusi vya kwendea kanisani, na huko kanisani watu walimsimamisha kumuuliza siri ya maziwa yake. Alikuwa anawajibu kwamba hakuna siri, ni usafi na subira. Gesare, akiwa amesimama kando yake ameshika Biblia za wote wawili, alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Mwezi wa nane mzee Jonah alimwoza binti yake wa mwisho, Nelvine. Jonah ni jirani wa ng'ambo ya mto, rika moja na marehemu mume wa Kogo, mtu wa maneno machache ambaye kilima kinamsikiliza. Upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Sigor, na Jumamosi hiyo walikuwa wanakuja kwa koito, siku ya kukaa wazee wa pande mbili na kuelewana mahari. Kogo na Gesare walialikwa kama watu wa nyumbani. Kogo alivaa lile koti.

Gesare alipoingia jikoni kusalimia alimkuta Kogo ukutani. Yaani, aliwaona Kogo wengi. Madumu meupe yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, na kwenye kila dumu bibi alikuwa anacheka.

Chepngetich, shangazi wa bibi harusi, alikuwa na furaha kubwa ya kumsimulia. Si Nelvine ameagiza maziwa kwa simu akiwa huko huko Nairobi kazini! Maziwa ya jirani, ambayo mtu angevuka mto na kuomba, mtoto ameagiza kwa mtandao na kulipa, na gari limeleta hadi mlangoni. Wanawake wote walicheka. Gesare naye alitoa sauti fulani.

Zamani, wakati duka lilikuwa simu yake tu, alimjua kila mteja, ni mtoto wa nani na ameolewa wapi. Oda ya nyumba ya Jonah ingemfikia yeye mwenyewe, na angeijaza kwa vibuyu hata kama Nairobi nzima ingekaa na kiu. Lakini siku hizi majina yalipita kwa wingi bila jicho la mtu. Kwa Oyaro, Nelvine alikuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi, na Sotik ilikuwa mji kama Thika.

"Hiyo msitoe," alimwambia Chepngetich kwa sauti ya chini. "Naona kama imekaa njiani sana."

"Kutoka Sotik hadi hapa?" Chepngetich alicheka, akaendelea kumimina kutoka kwenye madumu na kutia ndani ya vibuyu vya heshima, vile vyenye shanga.

Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake na jikoni kulikuwa na wanawake peke yao. Angeweza hata kujikwaa kwa makusudi akayamwaga. Badala yake alijiambia kwamba, kama watu wa Nairobi hawakujua, huenda na hawa wasijue. Alijiambia hivyo akijua kabisa anajidanganya, kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafutwa.

Hemani wazee wa Sigor walikuwa wameketi mstari wa mbele. Jonah aliagiza kwamba, kwa kuwa maziwa ni ya Mama Kipkirui, basi amimine yeye. Kogo aliinuka akijinyoosha koti. Alimimina polepole, kikombe hadi kikombe, na kila mgeni alikipokea kwa mikono miwili na neno la shukrani.

Mzee mrefu aliyeongoza wageni alikunywa kwanza. Alisita, maziwa yakiwa bado mdomoni. Hakutema, mtu hatemi maziwa ya wakwe zake. Alimeza, akakiteremsha kikombe, akakiweka chini katikati ya miguu yake. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu alimtazama wa pili, akakiweka chake chini bila kuonja. Maongezi yalipungua, yakapungua, hadi ikasikika redio ya mtu mbali huko shambani.

Jonah aliona vile vikombe vimekaa kwenye nyasi. Alionja chake. Kisha akauliza kwa lugha yao, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayeomba asaidiwe kuelewa.

"Mama Kipkirui, haya maziwa ni ya kibuyu chako?"

Kogo alikuwa hajaonja. Alijimiminia kidogo, akanywa. Gesare alikuwa amesimama na wanawake wengine kwenye mlango wa hema, na aliliona koo la bibi likishuka mara moja na kupanda. Macho ya Kogo yalianza kutafuta kati ya wale wanawake. Yalimpita Chepngetich, yakawapita majirani, yakafika kwake yakatua. Gesare aliangalia chini.

"Ni yangu," Kogo akasema. "Mikono imezeeka. Sikukisugua kibuyu vizuri. Nisameheni, wageni wetu."

Halafu mzee wa Sigor akasema kwamba uzee unatujia sote, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kufunga mlango. Chepngetich alimtuma mtu mbio kwake akalete kibuyu chake. Soda zikagawanywa. Mazungumzo ya ng'ombe yakaanza, yakaenda vizuri, na mwisho wakaelewana. Lakini madumu yalitolewa jikoni yakawekwa nyuma, karibu na kuni, na mtu mmoja mwenye huruma aliyageuza, picha zikaelekea ukutani.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado liko juu. Kogo alitembea mbele. Gesare alingoja atukanwe. Alitamani sana kutukanwa, angalau maneno yangempa mahali pa kushika. Walivuka mto, wakapanda katikati ya majani chai, na langoni bibi akageuka.

"Mnatengenezea wapi?"

"Mjini. Nyuma ya kinu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, Mama."

"Kipkirui anajua?"

Gesare aliitikia kwa kichwa. Kogo akalivua lile koti, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akalilaza kwenye kiti cha Gesare. Kisha akaenda nyumbani kwake, hatua chache tu upande wa pili wa ua, akafunga mlango.

Jumatatu Gesare alimpigia Zack simu, akamwambia afunge duka. Zack alidhani mtambo umeharibika tena. Alipoambiwa hauna shida, alianza kueleza kwa fahari jinsi ulivyo sasa, kwamba hata wateja wakizidi mara kumi hautatikisika. Gesare alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba msaada mmoja wa mwisho, atume ujumbe kwa kila mtu aliyewahi kununua.

Aliuandika yeye mwenyewe. Alisema maziwa mengi waliyouziwa tangu Pasaka hayakutoka kwenye kibuyu, yalikorogwa kwenye mapipa, na kwamba bibi aliye kwenye picha hakujua lolote. Atakayetaka pesa zake atarudishiwa. Mtambo uliutuma kwa maelfu ya watu kabla hajaweka simu chini.

Kipkirui aliupata ujumbe huo kwenye simu yake, kama mteja mwingine yeyote. Aliingia ndani akiwa ameushika mbele yake.

"Na mimi?" aliuliza. "Si ungeniambia kwanza? Lori niliacha. Kesho naamka naenda wapi?"

Gesare alimwambia pole, na neno lenyewe lilimtoka likiwa jembamba. Kipkirui alikaa kitandani akavua viatu, akakaa hivyo na soksi zake hadi giza likaingia.

Majibu yaliingia usiku na mchana. Waliotukana walikuwepo, na walitukana vizuri. Lakini ajabu ni kwamba waliosifu walikuwa wengi zaidi. Walimwita mkweli, walimwita mfano wa kuigwa, wengine wakauliza watafungua lini waagize. Gesare alijikuta anazirudia zile sifa. Kwa mara ya kwanza tangu koito alipumua vizuri. Akafikiri, basi kumbe ukweli si mzito hivyo. Kimebaki kituo kimoja tu. Mzee Jonah hana mambo ya mtandao. Akimwambia na yeye, jina la Kogo litakuwa limesafishwa kabisa.

Alivuka mto Alhamisi. Jonah alikuwa barazani anatengeneza mpini wa jembe, na mke wake alimkaribisha Gesare kigoda, akaingia jikoni kupika chai. Gesare hakungoja. Alipiga magoti pale pale.

"Baba, ile maziwa ya koito haikuwa ya Mama. Ni mimi nilitengeneza, kwa mapipa. Yeye hakujua. Nimekuja kusema ukweli."

Jonah aliendelea kukwangua mpini kwa kipande cha chupa. Alimwambia ainuke akae. Kisha akasema, "Tulijua."

Gesare alimtazama.

"Mimi nimekunywa kwa kibuyu cha yule mama tangu bwana yake akiwa hai. Sasa niseme sijui ladha yake? Hata wale wa Sigor walijua hiyo si ya kibuyu cha mtu yeyote." Aliupuliza unga wa mti. "Lakini alisema ni yake. Alisimama mbele ya wageni akasema, ili jina lako lisitajwe kwa kikao. Wewe umetoka huko ng'ambo ya mpaka, angekubali vipi uanze kusemwa? Akisema ni yake, ni yake. Tukanyamaza, ikaisha."

"Mimi nilitaka tu watu wasimwone vibaya," Gesare akasema.

"Hakuna mtu alimwona vibaya." Sasa Jonah aliuweka mpini chini. "Mimi nilikuwa naweza kukaa na yeye kanisani kama mtu hajui kitu. Sasa wewe umekuja hapa kwa mlango yangu kuniambia yule mama alidanganya wageni wangu siku ya mtoto wangu. Nifanye nini na hiyo maneno? Wewe umekuja kutua mzigo yako. Umeona mahali umeitua?"

Aliinuka akaenda zake kwa ng'ombe. Gesare alibaki kwenye kigoda. Alisikia sufuria ikiepuliwa jikoni, akasikia vikombe vikigongana, kisha kukawa kimya. Alikaa pale hadi akaelewa kwamba chai haitaletwa. Akaaga ukuta, akaondoka.

Kogo alikuwa nje kwake anachambua maharagwe kwenye ungo. Hawakuwa wamezungumza tangu Jumamosi isipokuwa salamu. Gesare alikusudia kupita moja kwa moja, lakini bibi alimwita bila kuinua kichwa.

"Mama Fancy. Ulienda kwa Jonah."

"Ndiyo, Mama."

"Ukamwambia."

"Nilimwambia."

"Alikupa chai?"

"Hapana."

Mikono ya Kogo ilisimama. Katika nyumba ya Jonah hata muuza sumu ya panya hupewa chai. Bibi alitoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa.

"Kesho nitaenda," alisema. "Mimi ndiye nilisema uongo kwake."

Gesare alimwomba waende pamoja. Alimwomba amwache aende peke yake tena, apige magoti tena, apeleke mbuzi, chochote. Alikuwa analia sasa, bila kujificha, na Fancy alikuwa amesimama mlangoni anaona. Kogo alimwambia akae nyumbani, kuna ng'ombe wa kukamuliwa.

Aliondoka asubuhi amevaa sweta lake la zamani na viatu vya mpira. Gesare alikamua, akafagia ua, akaufagia tena. Kila mara alikuwa anatoka kuangalia njia ya mto. Saa za mchana zilipita. Mwishowe aliliona lile sweta likipanda kati ya majani chai, pole pole, likisimama na kuendelea, na akakimbia kuleta kiti akakiweka kivulini.

Kogo alikaa. Akavua viatu, akasugua kifundo cha mguu. Gesare alichuchumaa mbele yake, akashindwa kuuliza, kisha akauliza.

"Alikupa chai, Mama?"

"Alinipa." Bibi alifungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani. "Kikombe kubwa, na maziwa mingi, vile ananipatianga siku zote. Nilishindwa kumeza."